Afisa habari wa halmashauri: mtumishi anayesimama kati ya mkurugenzi na wananchi

Katika nchi jirani ya Tanzania, kila halmashauri inatakiwa kuwa na mtumishi ambaye kazi yake ni kuueleza umma mambo yanayofanywa kwa fedha za umma. Katika miji mikubwa mtumishi huyo huwa na wenzake, kamera za kisasa na gari la ofisi. Katika miji midogo mara nyingi huwa peke yake, na mtu anayempangia kazi ndiye yule yule ambaye wananchi wangependa kumuuliza maswali.

Tanzania Bara ina halmashauri 184. Zipo za majiji, za manispaa, za miji na za wilaya. Mji kama Kasulu, ulioko mkoani Kigoma si mbali na mpaka wa Burundi, una halmashauri yake, tofauti na ile ya wilaya inayouzunguka. Madiwani huchaguliwa na wananchi wa kata zao, nao humchagua mwenyekiti miongoni mwao. Mkurugenzi mtendaji, anayeshika mafungu ya fedha na kuwasimamia watumishi, huteuliwa na Rais. Juu yao yupo mkuu wa wilaya, ambaye naye ni mteule wa Rais, na kule Dodoma ipo ofisi inayoshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, maarufu kama TAMISEMI. Afisa habari yumo ndani ya mduara huo. Hulipwa mshahara wa serikali, huripoti kwa mkurugenzi, huombwa picha na mwenyekiti, huitwa na mkuu wa wilaya bila taarifa, na hupigiwa simu na wananchi jioni kuulizwa kwa nini taka hazijazolewa.

Njia ya kuifikia kazi

Wengi wanaoingia katika kazi hii wamesomea uandishi wa habari au mawasiliano ya umma, iwe katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Mwanza, au vyuo vinavyotoa stashahada. Nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, usaili hufanyika, kisha barua ya kupangiwa kituo hutoka. Mwombaji anayeota kufanya kazi wizarani anaweza kujikuta amepangiwa mji ambao hajawahi kuukanyaga. Huanza kama Afisa Habari Daraja la Pili, na ngazi zinazofuata hupandwa kwa miaka kadhaa, moja baada ya nyingine.

Lugha ni jambo la kwanza analojifunza, hata kama kazi yake yote huiandika kwa Kiswahili. Vikao vya halmashauri huendeshwa kwa Kiswahili, na mabango na matangazo huandikwa kwa Kiswahili. Lakini katika mkutano wa hadhara huko Kasulu, mzee akisimama kueleza mgogoro wa shamba, Kiha huingia katikati ya maneno yake, na Kiha ni ndugu wa karibu wa Kirundi. Afisa aliyezaliwa Tanga au Kilimanjaro atasikia nusu ya malalamiko, na nusu ya pili ataipata kwa mtendaji wa mtaa, kadiri mtendaji huyo atakavyopenda kuieleza.

Kazi hii haikuwa hivi tangu awali. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na kwa miaka mingi taarifa za serikali zilifika vijijini kwa namna iliyofanana sana na mbiu: kwa sauti ya mjumbe, kipaza sauti juu ya gari, au karatasi iliyobandikwa ukutani. Serikali za mitaa zenyewe zilivunjwa mwaka 1972, wakati wa sera ya madaraka mikoani, na sheria za kuzirejesha zikatungwa mwaka 1982. Hata baada ya kurejeshwa, habari ilihesabiwa kuwa kazi ya serikali kuu.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2017, pale tovuti za mikoa na halmashauri zote zilipozinduliwa zikiwa katika mfumo mmoja, kwa ushirikiano wa TAMISEMI, Wakala wa Serikali Mtandao na mradi uliofadhiliwa na Marekani. Ghafla kila halmashauri ikawa na dirisha la kuonekana duniani, na ikahitaji mtu wa kulijaza. Wakati huo uhusiano na teknolojia ya habari vilikuwa kitengo kimoja, kwa hiyo mwandishi na fundi wa kompyuta walikaa chumba kimoja, na si ajabu kwamba katika ofisi fulani mtu mmoja aliombwa kufanya kazi zote mbili. Muundo mpya wa halmashauri ulioidhinishwa mwaka 2022 ulikitenga Kitengo cha Mawasiliano Serikalini kikasimama peke yake. Ni hatua ya maana, kwa kuwa mkuu wa kitengo huketi katika menejimenti na husikia mambo yakiamuliwa, badala ya kuletewa uamuzi uliokwisha ili autafutie maneno.

Picha za utepe

Anayezipitia tovuti za halmashauri atakuta jambo moja likijirudia: viongozi wakikagua, viongozi wakikata utepe, viongozi wakipanda miti. Mwenge wa Uhuru hupita katika kila halmashauri mwaka hadi mwaka, na siku zinazoutangulia hummaliza nguvu afisa habari kuliko kazi nyingine yoyote, kwa sababu kila mradi utakaowekewa jiwe la msingi unahitaji maelezo, picha na gharama zilizoandikwa bila kosa. Kwa upande mwingine, taarifa za mapato na matumizi, ambazo ndizo mwananchi angezitafuta, ni chache na mara nyingine zimepitwa na wakati.

Si haki kumlaumu afisa peke yake kwa hali hiyo. Picha ya mkurugenzi haihitaji idhini ya mtu yeyote. Jedwali la matumizi ya robo mwaka huhitaji idhini ya mweka hazina, ya mkurugenzi, na pengine ya mtu wa tatu asiyejulikana ni nani hasa. Kwa utaratibu wa utumishi wa umma, mtumishi hatoi taarifa ya ofisi bila kuruhusiwa, na msemaji wa shughuli za kila siku za halmashauri ni mkurugenzi. Afisa habari huandaa maneno; mwenye kuyasema ni mwingine.

Waandishi wa habari wa miji midogo nao wana mkono katika hali hii. Wengi si waajiriwa wa kudumu. Hulipwa kwa kila habari inayotumika, na malipo hayo hayatoshi kukodi pikipiki hadi kijiji kilicho mbali. Halmashauri ikitoa gari na posho ya siku, mwandishi ataona mradi. Isipotoa, hatauona. Afisa habari ndiye anayeandika majina ya watakaopanda gari, na hapo, hata akiwa mtu mwadilifu, ameshika sehemu ya kalamu ya wengine.

“Hilo si letu”

Kuna sentensi ambayo afisa habari wa mji mdogo huitamka pengine kuliko nyingine yoyote: jambo hilo si la halmashauri. Barabara kuu ni za TANROADS. Barabara za mitaa, ambazo zamani zilikuwa mikononi mwa halmashauri, zilihamishiwa TARURA mwaka 2017. Maji ya vijijini yalikwenda RUWASA mwaka 2019. Kodi ya majengo ilichukuliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, na tangu Agosti 2021 hukatwa mwananchi anaponunua umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa hadi 1,500 mwaka 2023.

Kwa mtu anayelipa, yote hayo ni serikali moja. Mpangaji aliyenunua umeme akakuta fedha zimepungua kwa kodi ya nyumba isiyo yake hatafuti tofauti kati ya mamlaka na wakala. Anakwenda katika jengo lenye bendera lililo karibu naye, nalo ni la halmashauri. Afisa anayejibu “hilo si letu” amesema kweli, lakini ni kweli isiyomsaidia mtu. Maofisa hodari huweka namba za simu za mameneja wa TARURA, maji na umeme, huwaalika katika redio ya jamii, na huwasukuma wajibu wenyewe. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba hiyo ni kazi yao.

Katika eneo hili la maziwa makuu redio bado ina nguvu kuliko tovuti. Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995 wakati wa wimbi la wakimbizi kutoka Rwanda, ni mfano unaojulikana pande zote za mpaka. Mkulima aliye shambani hafungui ukurasa wa halmashauri, bali husikiliza redio ya jirani yake, kisha huuliza katika kundi la WhatsApp la kata kama aliyoyasikia ni kweli. Makundi hayo yamekuwa ofisi ya pili ya afisa habari, isiyofungwa usiku. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipokatwa nchini Tanzania, ofisi hiyo ya pili nayo ilifungwa, katika saa ambazo uvumi haukuhitaji intaneti ili kusafiri.

Mikopo, hati na hoja

Mambo mawili yanaonyesha vizuri uzito wa kazi hii. La kwanza ni mikopo ya asilimia 10. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa vikundi vya wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali iliisimamisha baada ya wakaguzi kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi vyenye mashaka. Mwaka 2024 ilirejeshwa, halmashauri 10 zikijaribu utaratibu wa kupitia benki, miongoni mwao miji ya Newala na Mbulu, na nyingine zikitumia kamati kwa masharti mapya.

Kwa mama lishe wa sokoni mabadiliko haya hayakuwa habari ya siasa. Kikundi kilichokuwa kimejaza fomu kilikaa zaidi ya mwaka kikiuliza fedha ziko wapi. Penye kimya hujaa maneno ya watu: fedha zimeliwa, wamepewa ndugu wa diwani, zimekwenda kwenye kampeni. Pale ambapo afisa habari aliruhusiwa kueleza mapema kwa nini mikopo imesimama na nani anadaiwa, manung’uniko yalikuwa na mahali pa kwenda. Pale alipoambiwa asubiri maelekezo kutoka juu, hakuwa na la kuwaambia waliomjia.

La pili ni ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, huwasilishwa bungeni Aprili, na kila halmashauri hujua imepewa hati gani. Hati inayoridhisha, ambayo mitaani huitwa hati safi, hupokewa kwa shangwe na taarifa kwa vyombo vya habari. Lakini maana yake ni finyu kuliko shangwe hiyo. Mkaguzi anasema hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango na zinaonyesha hali halisi ya fedha. Hasemi kwamba hakuna shilingi iliyopotea. Halmashauri inaweza kupata hati safi na papo hapo ikawa na kurasa za hoja kuhusu mapato yasiyopelekwa benki au zahanati isiyokamilika. Afisa habari anaijua tofauti hiyo, maana ameisomea au ameizoea. Kuieleza hadharani kunahitaji ujasiri ambao barua ya ajira haikuutaja, kwa kuwa mkurugenzi anayemjazia tathmini ya utendaji ndiye mwenye kushangilia.

Ipo njia ya kati ambayo wengine wameifuata. Kila mwaka madiwani hukaa katika baraza maalum la kujadili hoja za mkaguzi, mkuu wa mkoa akiwapo, na vikao vya baraza kwa kawaida huwa wazi kwa umma. Afisa anayetangaza siku na saa ya kikao hicho mapema, kwa redio na kwa mbao za matangazo, hajasema neno lolote dhidi ya mwajiri wake. Amewafungulia tu mlango.

Siku sita za Januari

Kiwango cha juu cha mtihani huu kilionekana Januari 2025 katika mkoa wa Kagera. Mnamo Januari 14, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kuna washukiwa tisa wa ugonjwa wa Marburg mkoani humo, wanane kati yao wakiwa wamefariki. Wizara ya Afya ikajibu kwamba vipimo havikuonyesha virusi hivyo. Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkurugenzi mkuu wa shirika hilo, alithibitisha kwamba mgonjwa mmoja amepatikana wilayani Biharamulo. Mlipuko ulitangazwa kumalizika Machi 13. Watu 10 walihesabiwa kuugua, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo, na wote 10 walifariki.

Biharamulo si mahali pa pembeni kwa nchi za jirani. Malori yaelekeayo Rusumo na Kabanga hupita Nyakanazi na Lusahunga, na Rwanda ilikuwa imetoka kumaliza mlipuko wake wa Marburg Desemba 2024. Kati ya Januari 14 na 20, mwenye nyumba ya wageni, dereva na mganga wa zahanati walikuwa na swali moja, na mtu wa karibu zaidi wa kuulizwa alikuwa mtumishi wa halmashauri. Lakini kutangaza mlipuko ni mamlaka ya wizara. Afisa wa wilaya katika siku kama hizo hana la kusema isipokuwa lile lililokwisha kusemwa na wizara, hata kama ameona kwa macho yake watumishi waliovaa mavazi ya kujikinga. Utaratibu huo una sababu yake, kwani tangazo la ugonjwa lililotolewa kwa makosa linaweza kufunga masoko na kuzua hofu. Gharama yake ni kwamba taarifa ikibadilika juu, anayebaki akitazamana na wananchi ni yule wa chini.

Sheria inampa nani haki ya kuuliza

Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 18, inampa raia haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka kila ofisi ya umma iteue afisa wa kupokea maombi na imjibu mwombaji ndani ya siku 30. Kenya, iliyotunga sheria yake mwaka huo huo, iliweka siku 21, na sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu mawasiliano na umma. Hata hivyo tofauti kubwa kati ya nchi hizo mbili si idadi ya siku. Katika kaunti 47 za Kenya mawasiliano yamefungamana sana na ofisi ya gavana aliyechaguliwa, na gavana akiondoka, timu yake huondoka naye. Afisa wa Tanzania hubaki. Wakurugenzi hupita, yeye huendelea. Kubaki huko kunampa kumbukumbu ya mambo ambayo wengine wangependa yasahauliwe, na pia kunamfundisha tahadhari.

Sheria ya Tanzania inampa haki ya kuomba taarifa raia wa Tanzania. Katika ukanda wa mpakani jambo hilo lina uzito wake. Wilaya ya Kasulu ina kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo na baadaye ikawapokea Warundi wengi. Wafanyabiashara wa Burundi huvuka kwenda katika masoko ya ujirani mwema, hulipa ushuru wa halmashauri na hukutana na vizuizi vyake barabarani. Mwaka 2017 serikali ilishusha ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia tano hadi tatu, na ikasamehe mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mwenye magunia matano ya maharage anayesimamishwa kizuizini na kudaiwa anahitaji kulijua hilo papo hapo, si baada ya siku 30, na kama si raia, sheria haimpi hata siku hizo. Kinachobaki kwake ni tangazo lililobandikwa sokoni na kipindi cha redio kinachosikika ng’ambo ya mpaka, na yote mawili hutegemea kama afisa wa mji ule ameona kwamba msikilizaji huyo pia ni wake.